Kungoja Bila Kumaliza: Grand Theft Auto na Wasomaji Wake wa Mwanza

Utangulizi

Huenda baadhi ya wasomaji, hasa walimu wetu, wakashtuka kukuta gemu katika kurasa ambazo kwa kawaida hujadili riwaya, tamthilia na ushairi. Tunawaomba radhi, lakini si sana. Riwaya za upelelezi nazo zilipigiwa kelele miaka ile kwamba ni fasihi pendwa, kwamba zinapotosha vijana, kwamba hazina dhamira ya maana. Leo Willy Gamba na Joram Kiango wanajadiliwa katika semina na hakuna anayeziba pua. Kazi ya sanaa inayopitia mikononi mwa maelfu ya vijana inastahili mhakiki, iwe imechapwa kwenye karatasi au inachezwa kwa pedi.

Kazi tunayoizungumzia ni mfululizo wa Grand Theft Auto, ambao kila kijana anauita GTA. Toleo la tano lilitoka Septemba 2013, wakati mwandishi wa makala haya akiwa darasa la nne. Kionjo cha kwanza cha toleo la sita kilionyeshwa Desemba 2023. Tukaambiwa 2025. Halafu tukaambiwa 26 Mei 2026. Halafu, Novemba 2025, kampuni ya Rockstar Games ikatangaza kwamba itakuwa 19 Novemba 2026. Siku ya tangazo hilo la mwisho hosteli yetu ilikuwa na huzuni ambayo sikuiona hata siku majina ya mkopo yalipobandikwa. Jamaa mmoja alisema, "Mimi nitamaliza chuo, nitaoa, nitazaa, ndiyo itoke." Tukacheka, lakini ukweli ni kwamba wengi wetu tuliingia chuo tukiingoja na wengine wametoka wakiingoja.

Makala haya hayakusudii kubashiri gemu hiyo itakuwaje. Tunauliza swali jingine, ambalo ni la kihakiki: mtu anayengoja sehemu inayofuata, amesoma nini katika sehemu iliyopita? Hoja yetu ni moja. Sisi vijana wa Mwanza tunangoja mwendelezo wa hadithi ambayo wengi wetu hatukuimaliza, na kwa kuwa hatukuimaliza, hatukumjua msaliti wake. Msomaji wa namna hiyo hawezi kujua angoje nini.

"Itaendelea"

Kwanza tuseme wazi kwamba kungoja si jambo lililoletwa na gemu. Fasihi ya Kiswahili ya uhalifu imejengwa juu ya kungoja. Mohammed Said Abdulla alimtoa Bwana Msa katika Mzimu wa Watu wa Kale mwaka 1960, na msomaji aliyempenda mzee yule wa kiko alilazimika kuvuta subira mpaka Kisima cha Giningi, mwaka 1968. Miaka minane! Na hakukuwa na kionjo cha kumtuliza. Elvis Musiba akamtuma Willy Gamba Nairobi katika Kufa na Kupona, kisha Kinshasa katika Kikosi cha Kisasi. Ben Mtobwa yeye aliingiza ungojaji ndani ya majina ya vitabu vyenyewe. Tutarudi na Roho Zetu? ni swali. Lazima Ufe Joram ni tishio. Msomaji anashika kitabu na tayari roho iko juu. Mtobwa alipofariki mwaka 2008, wapo waliomlilia yeye na wapo waliomlilia Joram Kiango pamoja naye.

Halafu likaja gazeti. Eric Shigongo, mwana wa Buchosa hapa hapa ziwani na baadaye mbunge wa jimbo hilo kuanzia 2020, alikuwa miongoni mwa waliowafundisha Watanzania kungoja kwa wiki. Hadithi zake zilikatwa pale pale panapouma, na chini yake likaandikwa lile neno moja: ITAENDELEA. Mama mmoja muuza maandazi mtaani kwetu alikuwa hajui kusoma vizuri, lakini kila toleo lilipotoka alimwita mtoto wa jirani amsomee, na akifika mwisho alipiga makofi kwa hasira: "Sasa ndiyo nini hii?" Hasira ile ni ya msomaji wa kweli.

Kuna tofauti moja, hata hivyo, na hapa ndipo tunapotaka msomaji atulie. Riwaya ya upelelezi ni fasihi ya mwisho. Bwana Msa hawezi kuiacha kesi katikati. Lazima tukae, aeleze nani alifanya, kwa nini, na sisi tulikosea wapi. Mwendelezo wake ni kesi mpya baada ya ile ya zamani kufungwa. GTA kwa upande wake ni fasihi ya katikati. Mchezaji anaweza kukaa humo mwaka mzima bila kuigusa hadithi: anaiba gari, anazunguka, anasikiliza redio, anapigana na polisi, anakufa, anafufuka. Hadithi ipo na mwisho upo, lakini hakuna anayemlazimisha afike.

Fani: mji ndio mhusika

Upande wa fani, mafanikio makubwa ya mfululizo huu ni mandhari. Waandishi wetu huhifadhi shujaa wakabadili kesi. GTA huhifadhi mji wakabadili shujaa. Liberty City, ambayo ni New York kwa jina la kubuni, ilitumika katika toleo la tatu, 2001, na ikarudi na Niko Bellic, mhamiaji kutoka Ulaya Mashariki, mwaka 2008. Vice City, ambayo ni Miami, ilitumika 2002, nayo ndiyo inayorudi katika toleo la sita. Los Santos, ambayo ni Los Angeles, tuliipata katika San Andreas mwaka 2004 na tena mwaka 2013. Kwa hiyo anayesema anamngoja shujaa wa GTA anajidanganya. Shujaa mpya hatujamzoea bado. Tunachongoja ni mitaa.

Na mitaa hiyo imesukwa kwa ufundi. Katika San Andreas, Carl Johnson, yaani CJ, anarudi nyumbani kwa msiba wa mama yake baada ya miaka mitano. Hata hajafika, askari, wakiwemo Tenpenny na Pulaski, wanamkamata, wanamnyang'anya fedha na kumtupa katika mtaa wa maadui. Anaokota baiskeli, anapiga pedali kurudi Grove Street. Hapo mchezaji amefundishwa kuendesha, amefundishwa ramani, na amefundishwa kwamba mwizi wa kwanza wa hadithi hii amevaa sare. Riwaya nyingi zingehitaji kurasa arobaini kufanya hayo. Mwanzoni madaraja ya kutoka mjini yamefungwa. Ukilazimisha kuvuka, nyota za kutafutwa na polisi zinawaka papo hapo. Dunia ipo, unaiona ng'ambo ya maji, lakini huruhusiwi. Sisi tuliokaa Kigongo masaa kadhaa tukikisubiri kivuko cha Busisi, kabla daraja la J. P. Magufuli halijafunguliwa Juni 2025, hatukuhitaji kuelezwa hisia hiyo.

Banda la Mabatini

Sasa tuseme jinsi kazi hii ilivyosomwa huku kwetu, maana uhakiki usiojali msomaji ni nusu ya uhakiki.

Banda nililokulia lilikuwa Mabatini, chini ya nyumba zile zilizokalia mawe. Chumba kimoja, televisheni mbili za mgongo, mashine mbili za PlayStation 2, na benchi. Televisheni moja ilikuwa ya mpira. Nyingine ilikuwa ya San Andreas. Shilingi mia mbili zilikupa nusu saa, na mwenye banda alikuwa na saa ya mezani iliyolia kama jogoo. Waliokuwa hawana hela walisimama nyuma ya benchi na kutoa ushauri, na ushauri wao ulikuwa mwingi kuliko wa mashangazi harusini.

Jambo moja ndilo lililoamua usomaji wetu wote: banda halikuwa na memori kadi. Iliyokuwepo iliibiwa, na mwenye banda akaapa hanunui nyingine. Maana yake ni kwamba kila aliyekaa alianza upya. Kila siku CJ alirudi kwa msiba. Kila siku Tenpenny alimnyang'anya. Kila siku baiskeli ile ile. Waliokuwa wepesi walifika mpaka ile kazi ya kuifukuza treni kwa pikipiki, CJ anaendesha na Big Smoke kakaa nyuma anafyatua risasi, na pale wengi wetu tulikwama. Treni inaondoka, kazi imeshindikana, jogoo analia, pisha mwingine. Walioshindwa kabisa walitoa daftari la shule lililojaa chiti, wakabonyeza vitufe kwa mpangilio, kikashuka kifaru, basi ikawa fujo mpaka muda uishe.

Sisi tulikuwa wasomaji wa sura za kwanza. Tulizijua kwa moyo kama wanavyozijua waumini aya zao. Na katika sura hizo tulimpenda Big Smoke kuliko wote. Mnene, mcheshi, mla chakula, mwenye maneno ya hekima, rafiki wa familia aliyemkaribisha CJ nyumbani. Mtu yeyote Mabatini aliyekuwa mnene na mwenye utani aliitwa Big Smoke. Lilikuwa jina la sifa.

Maudhui: Big Smoke na hesabu ya fujo

Nilimaliza San Andreas mwaka wa kwanza chuoni, katika kompyuta ya kuazima, wakati wa kufunga muhula. Nilivuka ile treni. Na muda si mrefu baada ya treni nikagundua kwamba Big Smoke ni msaliti. Amekwisha kujiuza. Anashirikiana na Tenpenny na maadui wa mtaa wake, anaingiza dawa za kulevya Grove Street, na Ryder yuko naye. Sweet, kaka yake CJ, anapigwa risasi na kufungwa. Nilikaa kitandani nikiwa na hasira ya ajabu, nikakumbuka benchi zima la Mabatini. Miaka yote ile tulikuwa tumemshangilia.

Hapa ndipo pana dhamira kuu ya kazi hii kwa mtazamo wetu, na ndiyo iliyotupita. San Andreas haisemi tu kwamba maisha ya mtaa ni magumu. Inasema kwamba mtaa unauzwa na watu wawili kwa pamoja: askari mwenye sare na rafiki mwenye utani. Hadithi imewekwa mwaka 1992, na mwisho wake mahakama inamwachia huru Tenpenny, mji unalipuka kwa vurugu. Ni kioo cha Los Angeles ya mwaka huo huo, pale askari waliompiga Rodney King walipoachiwa. Tenpenny hafi kwa hukumu. Anakufa kwa ajali, gari la zimamoto alilokuwa akilikimbizia linaanguka kutoka darajani hadi Grove Street. Haki haikutendeka. Bahati ndiyo iliyotenda.

Tukilinganisha na mashujaa wetu, tofauti ya kiitikadi ni kubwa. Willy Gamba ni mtumishi wa dola. Adui yake ni kibaraka, jasusi, mkoloni, na msomaji wa miaka ya 1970 alikuwa na sababu ya kuiamini dola ile iliyokuwa ikiwasaidia wapigania uhuru wa kusini. Katika GTA dola haiaminiki hata kidogo, na aliye mhalifu ndiye tunayetembea ndani ya ngozi yake. Hatudai kwamba mtazamo mmoja ni bora. Tunadai kwamba msomaji aliyeishia kwenye baiskeli hajauona wowote.

Lakini sifa zisituzibe macho. Mfululizo huu una udhaifu mmoja mkubwa, na ni udhaifu wa kifani unaozaa udhaifu wa kimaudhui: mji wake hauna kumbukumbu. Unaua mtu sokoni, nyota zinawaka, unaingiza gari gereji ya kupaka rangi, unatoka na gari jekundu, nyota zimezimika, polisi wamesahau. Ukipigwa risasi unaamka mlangoni pa hospitali, fedha kidogo zimekatwa, silaha zimepotea, maisha yanaendelea. Hadithi inalia kuhusu usaliti na haki, huku mchezo wenyewe ukimnong'oneza mchezaji kwamba hakuna linalodumu. Mkono mmoja unaandika, mwingine unafuta.

Nina sababu ya kuliona hili kwa uchungu. Katika benchi lile la Mabatini alikuwepo mwenzetu mmoja, fundi kuliko wote, ambaye alikuwa akidunduliza sarafu anunue memori kadi yake mwenyewe. Jioni moja, akiwa na miaka kumi na minne, mtu alipiga kelele barabarani: mwizi! Ilikuwa simu. Hakuwa yeye, ilijulikana baadaye usiku ule, simu ilikutwa kwingine. Lakini kelele ile haina nyota moja wala tano. Haina gereji ya kupaka rangi. Walikuja watu tuliowajua, mmoja alituuzia miwa. Mwenzetu aliokolewa akiwa hai. Mguu wake wa kulia haukunyooka tena, na shule ikaishia hapo. Tuliokuwa bandani tulisikia kelele zile na hatukutoka, kwa sababu nusu saa ilikuwa bado haijaisha. Sikuwahi kuliandika hili, na hapa naliandika kama mhakiki, kwa sababu linahusu kipimo. Dunia ninayoijua mimi ina kumbukumbu.

Dunia uwanja wa nani?

Na kipimo hicho hatuhitaji kukitafuta mbali. Mwaka 1975 mwandishi kutoka Namagondo, Ukerewe, aliandika riwaya ambayo jina lake lingeweza kubandikwa kwenye jalada la GTA na hakuna ambaye angeshangaa: Dunia Uwanja wa Fujo. Euphrase Kezilahabi aliiona dunia kama uwanja ambamo kila mtu huingia, hufanya fujo zake, kisha huondoka. Mhusika wake Tumaini, kijana wa Ukerewe, anarithi fedha na kuziponda, anazurura, anatumia watu, kisha anajenga utajiri wa mashamba, na siasa ya Ujamaa inapoufikia utajiri huo anamwua kiongozi wa serikali. Anahukumiwa kunyongwa. Kuzurura, fedha, wanawake, risasi, dola: viungo vyote vya GTA vimo.

Tofauti ni kwamba katika uwanja wa Kezilahabi fujo huacha hesabu. Kila aliyeguswa na Tumaini anabaki ameguswa. Waliotumiwa hawasahau kwa sababu yeye amehamia mji mwingine. Mhakiki anaweza kulalamika, kama wengi walivyofanya, kwamba Kezilahabi amekata tamaa mno, kwamba anawaua wahusika wake kama anayefunga duka. Sisi tunaona kwamba hata ukatili ule ni heshima kwa msomaji: anamwambia kwamba alichokitenda mhusika kilikuwa cha kweli.

Mtu atauliza, je, tatizo si kwamba GTA ni macho ya wageni? Hoja hii hupendwa sana katika semina zetu, nayo ni nusu ya ukweli. Mfululizo huu ulianzia Dundee, Scotland, mwaka 1997, na matoleo yake makubwa yametengenezwa Edinburgh. Kwa hiyo hata Wamarekani wanatazamwa na wageni, na wageni hao wamewaona vizuri. Lakini angalia yaliyotupata sisi. Mwaka ule ule wa 2004 ilipotoka San Andreas, Hubert Sauper, raia wa Austria, alitoa filamu ya Darwin's Nightmare, kuhusu Mwanza: minofu ya sangara inapakiwa kwenye ndege kubwa kwenda Ulaya, watoto wa mitaani wanagombea wali, na swali linaulizwa tena na tena kama ndege hizo huja zikiwa na silaha. Mwaka 2006 Rais Jakaya Kikwete aliikosoa hadharani. Mji wetu ukajulikana duniani kama mandhari ya uhalifu, na sisi tukiwa ndani yake kama samaki, wa kutazamwa tu.

Los Angeles ikichorwa vibaya na Waskoti ina picha elfu nyingine za kujibu. Mwanza ilipochorwa na Sauper ilijibu kwa hotuba na maandamano. Riwaya ya uhalifu ya kujibu haikuwepo. Hapo ndipo penye pengo, na halitajazwa kwa kuwatukana wageni.

Tungoje nini?

Turudi kwenye ungojaji wetu. Vionjo vya toleo la sita vimeonyesha mambo mawili ambayo mhakiki anaweza kuyashika. La kwanza ni kwamba kuna mwanamke, Lucia, aliye mhusika mkuu pamoja na mwenzake Jason, jambo ambalo hadithi kuu za mfululizo huu hazikuwa nalo tangu toleo la tatu. La pili ni kwamba tunamkuta Lucia gerezani. Mhusika anayeanzia gerezani ni mhusika mwenye jana yake. Mtu amekamatwa na hakuamka mlangoni pa kituo baada ya sekunde tano.

Basi hicho ndicho tungoje, na ndicho tuipimie gemu hiyo itakapotoka. Vijana wanabishana kuhusu ukubwa wa ramani, maji yanavyong'aa, idadi ya magari. Hayo ni mapambo. Swali la kihakiki ni hili: je, mji wa Vice City utakumbuka? Nikimdhulumu mtu asubuhi, jioni atanijua? Jela ya Lucia itakuwa mzigo anaoubeba mpaka mwisho, au itakuwa pazia la kufungulia tu, kama msiba wa mama yake CJ ulivyokuwa kwetu sisi wa Mabatini? Kama itakuwa pazia, basi miaka kumi na mitatu ya kungoja itakuwa imetupa rangi mpya juu ya gari lile lile.

Na kuna ungojaji wa pili, ulio mzito zaidi, maana huo haumtegemei mtu wa Edinburgh. Jina Grand Theft Auto ni lugha ya sheria ya Marekani kwa wizi wa gari. Huku ziwani mali ya kuibwa si gari. Ni injini ya mtumbwi. Muulize mvuvi yeyote wa Ukara au Goziba atakwambia kuhusu usiku wa kusimamishwa katikati ya maji, kunyang'anywa injini na nyavu, na kuachwa uelee. Kuna Mwaloni ya Kirumba, ambako dagaa wa Mwanza anauzwa kwa wafanyabiashara wa Kongo, Rwanda na Burundi, na ambako lugha tano zinasikika kabla ya saa tatu asubuhi. Kuna Operesheni Sangara ya mwaka 2018, nyavu haramu zilipochomwa, na swali la nani mhalifu, aliyeivua samaki mchanga, aliyemuuzia nyavu, au aliyepokea chochote akafumba macho, lilibaki linaelea juu ya moshi. Kuna Capri Point na kuna Igogo, umbali wa kutembea kwa miguu, dunia mbili. Riwaya ya uhalifu inataka nini zaidi? Wapelelezi wetu wakubwa waliipanda ndege kwenda Nairobi na Kinshasa. Yupo wapi wa kupanda kivuko cha Kamanga?

Hitimisho

Katika makala haya tumejaribu kuonyesha kwamba GTA ni kazi ya sanaa yenye fani madhubuti, hasa mandhari. Kwamba maudhui yake ni mazito kuliko wanavyodhani wanaoilaani na hata wanaoicheza. Kwamba udhaifu wake ni mji usio na kumbukumbu. Na kwamba kipimo cha udhaifu huo tunacho sisi wenyewe, katika riwaya iliyoandikwa na mtu wa ziwa hili mwaka 1975. Tumesema pia kwamba anayengoja mwendelezo bila kumaliza kilichopita anaweza kumshangilia msaliti maisha yake yote. Hili halihusu gemu peke yake, na msomaji hahitaji tumtafunie.

Mwezi uliopita nilikwenda Mwaloni kumtafuta yule mwenzetu wa benchi. Anashona nyavu siku hizi, kakaa chini, mguu ule kaunyoosha pembeni. Tulipeana habari za nyumbani. Swali lake la kwanza baada ya salamu lilikuwa, "Eti, ile ya sita inatoka lini?" Nikamwambia Novemba. Akatikisa kichwa kama mtu aliyeambiwa meli imechelewa.

Nikaona nimpe haki yake. Nikamweleza mwisho wa San Andreas: treni, Ryder, Tenpenny, gari la zimamoto. Nikamwambia kwamba Big Smoke aliwauza. Aliacha kushona.

"Big Smoke?" akasema. "Hapana bwana. Hiyo siamini mpaka niicheze mwenyewe."

Tumekubaliana Jumapili. Kompyuta nitaazima, na safari hii tutahifadhi tulipofika. Uwanja uko wazi kwa wahakiki wengine watakaoona tumekosea.